Spika ya Nne

Spika alizonunua zilikuwa tatu, lakini simu ilihesabu nne.

Mkutubi aliketi sakafuni sebuleni, maboksi matupu yamemzunguka, akaitazama ile orodha kwenye kioo cha simu. Zilikuwa spika za bei nafuu, nyepesi, zisizo na waya. Muuzaji alimwambia akizigawa vizuri vyumbani nyumba nzima itaimba. Moja aliiweka sebuleni, ya pili jikoni, ya tatu kwenye korido, na kila moja akaiandika kwenye simu kwa jina la mahali pake. Ile ya nne haikuwa na jina, wala haikuonekana popote.

Mtu mwingine angeiacha. Yeye alikuwa amebandika lebo kwenye migongo ya vitabu kwa miaka kumi na tisa, na kitu kisicho na jina kwenye orodha kilimkera kama mchanga ndani ya kiatu. Akaandika: Mgeni. Simu ikauliza kama anakubali kuiunganisha, naye akakubali.

Kutoka chumba cha nyuma, alikolala dada yake kabla hajaolewa, mtu akashusha pumzi.

"Upepo tu," akasema kwa sauti.

Alikuwa amezoea kusema peke yake. Tangu dada yake aondoke hapakuwa na mwingine wa kumwambia neno, na kazini walimwita Bi Kimya, kwanza kwa utani, kisha utani ukasahaulika jina likabaki. Upweke ulimuuma, hakuna haja ya kuficha. Ndiyo maana aliwaalika wenzake wote kumi, Jumamosi mchana, bila sababu yoyote. Alitaka watu wamzoee. Wasipomzoea leo, aliona, hawatamzoea tena.

Walikuja saba. Muziki ukatoka safi sebuleni, ukatoka jikoni, ukatoka kwenye korido, na ukatoka pia chumba cha nyuma, pasipokuwa na spika, ukichelewa kidogo, pamoja na harufu ya udongo mbichi.

"Bi Kimya, kumbe una makelele hivi!" mhasibu akatania, na wote wakacheka. Yeye naye akacheka, moyo ukamjaa.

Ndipo wimbo ulipokatika.

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika sauti ya mhasibu, ya chini, kama alivyonong'ona dakika chache nyuma pale getini: "Nusu saa tu. Tukishaonekana, tunaondoka. Huyu mama ananitia huzuni." Mhasibu mwenyewe alikuwa amesimama na glasi mdomoni, midomo yake haisogei, huku sauti yake ikiendelea kule nyuma, na baada yake ikafuata ya yule dada wa mapokezi, na ya mlinzi, na ya msimamizi wao, kila mmoja akisikia alichosema juu ya mwenyeji wake, hadi msimamizi akaenda kwa hasira kuufungua mlango akakuta kitanda kitupu, godoro limebonyea katikati kama limekaliwa na mtu mzito, na lile bonyeo likainuka polepole mbele ya macho yake.

"Samahani dada, watoto wananisubiri nyumbani," akasema dada wa mapokezi, ambaye hakuwa na mtoto. Katika dakika mbili nyumba ilikuwa tupu.

Mkutubi alizizima spika zote tatu. Chumba cha nyuma kikaendelea kupumua. Akampigia shangazi yake, aliyewahi kuwatoa pepo wa namna hiyo kwenye nyumba za watu, naye akafika kabla jua halijashuka, akasimama kwenye korido akinusa.

"Nani alimpa ruhusa?" akanong'ona.

"Mimi, shangazi. Nilimwandika jina."

"Maskini mwanangu. Basi mimi simwezi. Wewe uliyemkaribisha ndiye wa kumwambia toka, mara tatu, kwa kinywa chako. Akitoka harudi."

"Na asipoambiwa?"

"Atakaa. Na hatakubali mwingine aingie humu. Hata mimi."

Mkutubi akaingia, akaufunga mlango. Shangazi akamsikia akisema, "Toka." Harufu ikapungua. "Toka." Pumzi zikawa nyembamba, za mbali, zikielekea dirishani, na nyuma yazo ukaanza kuja ule ukimya aliouzoea mkutubi, wa sahani moja mezani, wa Jumapili isiyo na simu, wa nyumba isiyojua kama yeye ameamka au hakuamka.

Shangazi alingoja. Neno la tatu halikuja.

"Mwanangu? Umemaliza?"

"Nimemaliza, shangazi. Ametoka. Nenda tu."

Mama wa watu akashusha mabega kwa shukrani, akachukua mkoba wake, kisha akaegemea mlango kidogo, maana alimpenda huyu mtoto wa kaka yake kuliko wote.

"Basi kesho nitakuja nishinde na wewe."

"Usije," zikajibu sauti mbili kwa pamoja.