Felisita na Makochi Yasiyokaliwa

— Kwandu, wifi yako ameondoka!

Luhende alikuwa amesimama katikati ya sebule yake pale Bariadi, simu sikioni, vumbi la safari bado mwilini. Ni fundi umeme. Kazi za Bariadi zilimtosha, lakini alizifuata na za Maswa ili nyumba yake ipendeze. Leo, baada ya wiki tatu, amefungua mlango na kukuta pamekuwa peupe. Makochi hayapo. Kabati la vyombo halipo. Chumbani yananing'inia magauni matano tu, ya mkewe Felisita, ambaye nguo zake zilikuwa hazienei masanduku matatu.

— Ameondoka kwenda wapi? dada yake akauliza.

— Najua basi? Hapokei simu!

— Mlikosana?

— Tungekosana saa ngapi? Mimi nyumbani sipo.

Akasikia alichokisema, akakata simu.

Ujumbe ukaingia: "Niko kwa mayu, huku Migato. Nilikuwa shambani, simu niliiacha ndani. Umefika?"

Hakujibu. Aliwasha pikipiki, na njia nzima akawa anamjenga mwanaume kichwani: mrefu, ana gari la mizigo, anajua kubembeleza.

Kule Migato alimkuta mama mkwe anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu.

— Mwadila, mayu, akamsalimia mama huyo kwa Kisukuma.

— Mwadila, baba. Mbona vumbi mpaka kwenye kope?

Felisita akatoka jikoni anatabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Luhende.

— Nani huyo? akafoka.

— Nani yupi?

— Aliyekubebea makochi!

Felisita akaangua kicheko. Alipoona macho ya mumewe yamejaa machozi, akaacha. Mama mkwe aliokota ungo wake, akaingia ndani polepole.

— Makochi nimewapa akina Thomasi, wale waliooana juzi wanakalia ndoo. Kabati liko chekechea ya kanisani, wanawekea vitabu. Nguo nimewagawia wadogo zangu, na leo nimeleta za mwisho.

— Bila kuniambia?

— Kila nikikupigia, "niko kazini, mama, tutaongea." Lakini ningesubiri. Hapo nimekukosea, nisamehe. Ila kugawa sijutii.

— Nilivitafuta kwa jasho, Feli. Watu wakija waone mke wangu hana shida.

— Watu gani? Tangu Pasaka hakuna aliyekaa kwenye yale makochi. Mimi nafuta vumbi, wewe uko Maswa unanitafutia kingine cha kufuta vumbi. Nimechoka kuolewa na makochi, Luhende. Nakutaka wewe.

Luhende akakaa kwenye kigoda.

— Nilijua umenichoka, akasema.

— Ningekuchoka ningeacha nguo zangu chumbani kwako? Yale magauni matano yananitosha.

Luhende akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka mabega yakatikisika. Akachukua simu, akampigia tajiri wake wa Maswa.

— Bosi, Jumatatu mtafute fundi mwingine. Hapana, siumwi. Nina mke.

Ndani, mama mkwe alipiga kigelegele. Kumbe masikio yake yote yalikuwa mlangoni.

Miezi ikapita. Luhende alibaki na kazi za Bariadi peke yake, saa kumi na moja jioni yuko kwake, na alishajua mkewe huimba akisonga ugali, jambo ambalo kwa miaka minne hakuwa amelisikia. Jioni moja jirani yao Monika alipita kuomba chumvi, akawakuta wamekaa mkekani wanakula dagaa sahani moja, wanagombania wa mwisho.

— Karibu tule, shemeji, Luhende akasema.

Monika akazungusha macho sebule nzima.

— Sasa jamani, mimi nitakaa wapi?

Felisita akajisogeza mpaka bega lake likagusa la mumewe.

— Hapa, akasema, na kuupigapiga mkeka. Ni pakubwa.