Nani Alipika?

Kipimadhamiri kilikuwa kisanduku cheusi kisichozidi birika la chai, lakini kikiwekwa tu mezani, darasa zima hutulia kama maji mtungini. Kilisikiliza mapigo ya mioyo ya wanafunzi arobaini kwa mkupuo mmoja, kikanusa jasho la viganja vyao, na juu ya kila dawati kikawasha taa: nyeupe kwa moyo uliotulia, nyekundu kwa moyo uliochomwa.

Sheria ilikuwa fupi. Taa ikiwa nyekundu, sikizi ya mwenye dawati inafungwa mwaka mzima. Sikizi ilikuwa punje ya chuma ambayo kila kijana wa Tanga ya siku hizo alipandikizwa nyuma ya sikio, ikamwimbia kutwa. Kwa wengine, kufungiwa kulikuwa kukosa muziki. Kwa Mwanakombo kulikuwa kukosa kila kitu. Homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya masikio akiwa na miaka minne. Sauti ya mama yake, honi za barabarani, hata mlio wa kijiko kikombeni, vyote vilimfikia kupitia punje ile.

Na ndiye aliyevunja komeo la wimbo wa Bi Mgeni uliokuwa wa kuuzwa, akaugawa bure.

Bwana Mhando, mkaguzi, alifuta miwani yake. "Nauliza mara moja tu. Nani kati yenu aliiba wimbo?"

Taa arobaini zikawaka. Nyeupe pe.

"Haiwezekani. Wimbo huo umo kwenye sikizi zote humu ndani!"

"Hatujaiba, mwalimu," alijibu Shekue, aliyeketi ubavuni mwa Mwanakombo, kwa adabu zake zote. "Tumepakua tu."

Darasa likacheka chinichini. Na hawakuwa wakidanganya, afadhali wangedanganya. Neno wizi lina mtu anayekimbizwa kwa mawe, lakini kupakua kuna sahani na upawa. Nani amewahi kuona aibu kwa kupakua? Mafundi wa kisanduku kile, pamoja na werevu wao wote, walikifundisha kutafuta hatia, wakasahau kukifundisha Kiswahili.

Mwanakombo alishusha pumzi. Alijiona ameshapona.

Mhando akavuta kiti, akaketi. "Haya, mmepakua. Basi niambieni, chungu kilikuwa cha nani? Nani alipika?"

Mwanakombo hakutaka kukumbuka, ila moyo hauombi ruhusa. Alimwona Bi Mgeni, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, miaka miwili akirudia beti zilezile huku akisugua masufuria, kisha akimwita dirishani: "Mwanangu, njoo usikie. Hapa pamekaa?" Mwanakombo alikuwa mtu wa kwanza kuusikia wimbo ule. Ulitoka asubuhi, ilipofika adhuhuri mji mzima ulikuwa nao, na hakuna aliyeuliza ni wa nani. Siku hizi Bi Mgeni anasugua masufuria yake kimya.

Taa yake ikageuka nyekundu. Hiyo moja tu.

Shekue aliruka wima. "Mwalimu, hapana! Huyu hasikii bila sikizi! Na sisi sote tunao wimbo!"

Mhando alikitazama kisanduku, jasho likimtiririka. "Kinafunga chenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Sina kitufe cha kukizuia, mwanangu." Usoni mwa mkaguzi, Mwanakombo alisoma kwamba mzee wa watu alikuwa ndiyo kwanza anakielewa chombo alichokizungusha shule baada ya shule. Kiliwanasa wenye haya, kikawaacha wengine waende zao.

"Mwambieni Bi Mgeni ni mimi ndiye..." alianza Mwanakombo, na sauti yake mwenyewe ikamkatikia masikioni.

Kiti cha Shekue kilianguka bila mlio. Mwanakombo aliogopa, akashika ukingo wa dawati kwa mikono miwili. Wenzake walikuwa wakimtazama, na kicheko kilikuwa kimefutika nyusoni mwao.

Kisha taa ya Shekue ikawa nyekundu. Ikafuata ya nyuma yake, ya dirishani, halafu safu nzima. Midomo ilikuwa ikicheza darasa zima, ikimjibu mkaguzi swali lake la kwanza. Mwanakombo, aliyejua kusoma midomo kabla hajajua kusoma vitabu, hakupata taabu na jibu lao. Kila mdomo ulifumbika mara mbili, ukafumbuka mara mbili.

Mimi.