Vidonge Vilivyotemwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mwanasha aliteka maji, akafagia uani, kisha akamwosha uso mdogo wake, Matano. Wiki ile ya mwaka 1955 mama yao, Mwanapili, alimwongezea kazi nyingine. Matano alikuwa ameugua malaria, na tabibu wa zahanati ya pale Waa alimpa vidonge vya manjano vilivyofungwa katika karatasi. Alisema vimezwe mpaka viishe, hata kama mtoto ataonekana amepona.

"Mimi nawahi sokoni na mihogo yangu," mama alisema huku akijitwika kikapu. "Umpe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Usimwachie mpaka ameze. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku ya kwanza Matano alimeza, ingawa alilia. Siku ya pili alikitema kidonge mchangani na kupiga kelele, "Kichungu kama shubiri! Kimeze wewe!"

Mwanatumu, rafiki yake Mwanasha, alikuwa anamngoja penye ua waende shule pamoja. Akacheka. "Kwani bado unamlisha mtoto vitu vile? Shangazi yangu anasema vinamgeuza mtu rangi. Macho yanakuwa ya manjano kama papai bivu, na hayarudi tena."

"Mwongo wewe!"

"Haya, endelea. Utakuja kumwona ndugu yako yuko kama ganda la ndizi."

Mwanasha alimshika Matano mkono, akakitazama kiganja chake. Akaona kama kimeanza kuwa cha manjano kweli. Moyo ukamshtuka. Tena mtoto mwenyewe alikuwa mzima, amekwisha kumponyoka na anamkimbiza kuku. Mwanasha akakifukia kidonge mchangani kwa kidole cha mguu.

Jioni mama aliuliza, "Amemeza?"

"Amemeza."

Neno lilimtoka kwa urahisi. Vidonge vilivyobaki navyo vikaenda mchangani, kimoja baada ya kingine.

Ijumaa alipotoka shule, Mwanasha alisikia sauti ya mama yake kabla hajafika uani. Haikuwa sauti aliyoizoea. Alikimbia ndani, akamkuta Matano mkekani, meno yameumana, macho yamegeuka yakaonyesha weupe mtupu, mikono na miguu ikipigapiga.

"Degedege!" mama alisema. "Usisimame hapo! Kamwite mjomba wako!"

Mjomba Chirau, kaka yake mama, alikuwa shambani kwake akipalilia. Zamani alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na alipoitwa hakuuliza maswali. Alitupa jembe, akaja, akamfunga mtoto kwa kanga iliyolowa maji na kumbeba mpaka zahanati. Baba hakuwapo, alifanya kazi bandarini Mombasa na alirudi mwisho wa mwezi. Mwanasha aliwafuata nyuma. Kila hatua alihisi vile vidonge viko chini ya nyayo zake.

Tabibu aliitwa Kombe. Alimlaza Matano kitandani, akampima joto, akamfunua macho. Degedege lilikuwa limetulia, lakini mtoto alikuwa wa moto kama jiko na hakumjua mtu.

"Vile vidonge nilivyowapa alivimaliza?" aliuliza.

Mama aligeuka. "Mwanasha ndiye aliyempa."

Wote watatu walimtazama. Mwanasha aliuona uso wa mama yake, akaiona na fimbo ambayo haikuwepo.

"Alivimaliza," akasema.

Tabibu Kombe alikunja uso. "Basi jambo hili silielewi. Mtu akiimaliza dawa ile, malaria hairudi upesi namna hii. Naogopa ni homa ya uti wa mgongo, na hiyo mimi hapa siiwezi. Darubini ya kupimia damu imepelekwa Kinango. Nitatuma mtu alete gari, mtoto apelekwe Mombasa."

"Atafika?" mama aliuliza.

Tabibu aliinama kuandika barua ya hospitali. Mama aliketi chini sakafuni na kuushika mguu wa mwanawe.

Mjomba alimtoa Mwanasha nje, wakaketi kwenye benchi la barazani kungoja gari.

"Mjomba, Matano atakufa?"

"Sijui, mwanangu. Naogopa kama wewe."

"Wewe ulikuwa vitani. Wewe huogopi."

"Nani kakwambia?" Mjomba alitikisa kichwa. "Kule Burma niliogopa kila siku. Msitu ni mnene, adui humwoni. Unasikia bunduki, kisha unaona majani yanaanguka juu ya kichwa chako kama kwamba kuna mtu anayachuma. Mwenzako aliyekuwa anakuomba tumbaku sasa hivi, ukigeuka amelala matopeni na hasemi. Mvua haikatiki. Ukivua kiatu, ruba wamenenepa kwa damu yako. Lakini nikwambie kitu: mbu walituangusha wengi kuliko risasi. Ndiyo maana tulipewa vidonge. Vilikuwa vya manjano, kama hivi vya Matano."

Mwanasha alitazama chini.

"Kila jioni tulipanga mstari. Sajini anakutilia kidonge kinywani, unameza, unainua ulimi aone. Basi ukazuka uvumi kambini, kwamba vidonge vinamharibu mtu, na ukirudi kwenu hutapata mtoto."

"Vilikugeuzeni rangi kweli?"

"Tulikuwa wa manjano kama bizari! Tulipoacha kuvimeza rangi ikatoka yenyewe. Na kuhusu watoto, wanangu unawajua, na kelele zao unazijua." Alitaka kucheka, lakini hakuweza. "Nilikuwa na rafiki, Randu, mtu wa Samburu ya huku kwetu Pwani. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa, uvumi ule ukamwingia. Akawa anakificha kidonge shavuni, na sajini akipita anakitema. Hakumwambia mtu, hata mimi. Siku moja homa ikamwangusha. Tulimbeba kwa machela, matope yakitufika magotini, tukisikia mizinga nyuma yetu. Tukamfikisha kwa daktari. Daktari akamwuliza mbele yangu, 'Unameza vidonge?' Randu akasema, 'Nameza, bwana.' Kutema dawa jeshini lilikuwa kosa la kufungwa. Aliogopa."

"Daktari akasemaje?"

"Alimwamini. Angefanya nini? Kule kulikuwa na homa nyingine, ya utitiri wa majanini, na haikuwa na dawa. Daktari akadhani ni hiyo, akamlaza upande wa wagonjwa hao. Asubuhi yake Randu alinishika mkono, akaniambia ukweli. Nilikimbia, na daktari naye akaja mbio na sindano." Mjomba aliitazama barabara. "Tulimzika mchana, mvua inanyesha. Daktari aliniuliza jambo moja tu: 'Kwa nini hakuniambia jana?'"

Barabarani ulisikika mngurumo wa gari. Mwanasha alisimama. Akifumbua kinywa, mama yake atajua. Asipofumbua, Matano atapakiwa katika gari lile bila dawa ya malaria.

"Mjomba," alisema, "Matano hakumeza."

Mjomba hakumkemea. Alimsukuma tu begani. "Usiniambie mimi! Kamwambie tabibu! Kimbia!"

Mwanasha aliingia kwa kishindo. "Hakumeza! Alimeza vya siku ya kwanza tu, vingine nilivifukia mchangani. Nilisema uongo!"

Mama aliinua kichwa. Lakini Tabibu Kombe alikuwa amekwisha kuligeukia kabati.

"Basi huenda ni malaria ile ile, hatukuimaliza," alisema huku akivuta dawa kwa sindano. "Nitamchoma kwinini sasa hivi. Gari lisubiri nje. Homa isiposhuka, ataondoka nalo."

Kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kusema. Mwanasha alikaa kitandani kwa mdogo wake, akimfuta kwa kitambaa cha maji, akihesabu pumzi zake na kupotea hesabu. Kila zilipokawia, naye aliacha kupumua. Mama hakumtazama. Adhana ya alasiri ikapita. Jua lilipokuwa linashuka, paji la Matano likaanza kutoa jasho, kwanza kidogo, kisha likamtiririka. Tabibu alimpima, akampima tena. Akatoka nje kumwambia dereva aende zake.

"Mama," Matano alisema kwa sauti ya mkwaruzo, "nataka uji."

Mama alimnywesha kijiko baada ya kijiko. Alipomaliza ndipo alipomgeukia Mwanasha.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa atakuwa wa manjano. Mwanatumu alisema. Halafu nikakuogopa wewe."

"Mwanatumu amesomea utabibu wapi?" Mama alishusha pumzi. "Sikiliza. Kuogopa si kosa. Leo mimi nimeogopa mpaka nimeketi sakafuni. Lakini tabibu haoni ndani ya tumbo la mtu. Anaona kwa yale tunayomwambia. Ukimpa uongo umemfumba macho, kisha umemkabidhi mgonjwa. Ukisikia habari mbaya juu ya dawa, njoo uniulize, au mwulize yeye. Na dawa haiachwi kwa sababu mtoto amekimbiza kuku. Inaachwa ikiisha."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kama ungenyamaza mpaka kesho, msamaha wangu ungemfaa nani?"

Tabibu Kombe alileta vidonge vipya ndani ya karatasi. Mjomba Chirau alinyoosha mkono avipokee, lakini mama akamzuia.

"Mpe Mwanasha," alisema. "Atampa yeye, nami nitasimama hapo hapo mpaka kiishe cha mwisho."

Mwanasha akavipokea kwa mikono miwili.