Machela Nzito

Machela ilikuwa tupu, lakini ilikuwa nzito. Mhudumu aliivuta kwa mkono mmoja kama kawaida, ikagoma. Akaivuta kwa miwili, ikaja shingo upande. Hakushtuka. Miaka ya kubeba majeruhi kwenye gari la wagonjwa ilikuwa imemkausha moyo, hata mkewe nyumbani alimwita gogo, na hakuwa anatania.

"Tufungue milango kwanza," dereva alinong'ona.

Ndiyo ilikuwa kawaida yao. Maiti akishashushwa, milango ya nyuma huachwa wazi, na mmoja wao husema, "Tumefika, shuka," ili roho isibaki garini. Walikuwa wametoka kumshusha mwanamke aliyefia njiani. Lakini kabla hawajasema hivyo, redio ikaita: mtoto amebanwa na kifua, jirani ndiye amepiga simu. Nyumba iliyotajwa ilikuwa ya mhudumu.

"Washa gari, bwana! Ni binti yangu huyo!"

Walimkuta midomo imekuwa rangi ya majivu. Wakamlaza kwenye machela, wakamvisha barakoa ya oksijeni, king'ora kikalia. Hapo harufu ya udongo mbichi ikajaa garini, na mhudumu akasikia pumzi mbili, moja ya mwanawe, ya kukwaruza, na nyingine nzito, ya polepole, iliyovuta kila mtoto alipovuta, ikazidi kumwibia hewa mpaka kile kifua kidogo kikabaki kinatetemeka tu na macho yakaanza kugeuka meupe.

"Baba," mtoto alisema kwa shida, "mwambie huyu mama asogee. Amenilalia."

Dereva alisikia. "Mwambie ashuke, kaka. Mwambie!"

"Tumefika, shuka," mhudumu alisema.

"Mwongo," ilijibu sauti ya mwanamke, karibu kabisa. "Huko nje ni baridi. Nimepata pa kukaa."

Mhudumu akainama. "Mwache mtoto, tafadhali. Njoo kwangu. Ndani yangu hamna kitu, nafasi tele."

Pumzi ya pili ikanyamaza. Mtoto akavuta hewa, akakohoa, akaangua kilio.

Mkewe aliwakuta hospitalini, mbio mbio kutoka kazini. Alimkumbatia mtoto kwanza, kisha akamwona mumewe analia kwa kwikwi, mabega yanatikisika.

"Lia tu, mume wangu," alisema akimfuta machozi. "Nilidhani huwezi tena."

Mhudumu hakusikia uchungu wowote. Alikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe, anamsikiliza yule mwanamke wa garini akilia kwa koo lake. Kisha mkono wake ukanyooka bila yeye kuunyoosha, ukaanza kumpapasa mtoto kifuani.