Sema Kama ni Chachu

Kila siku kipindi cha pili kikiisha, kipaza sauti cha darasani hukohoa kidogo, kisha muziki laini huanza. Wanafunzi wote hufumba macho, huweka vidole kwenye pembe za macho na kubonyeza polepole, huku sauti ya mwanamke ikiwahesabia. Ruolan aliyapenda mazoezi hayo ya macho kuliko somo lolote. Siku hiyo nje, ukungu wa mtoni ulikuwa umeufunika mji wa Fuling, naye alijiona akielea juu yake, mwepesi, juu ya mapaa na ngazi, hana haraka ya kushuka wala haijui kesho.

Muziki ulipokatika, kichwa kilianza kumuuma tena palepale. Kilimbana kuanzia kisogoni mpaka kwenye paji la uso, kama amevalishwa kofia ya mtoto mchanga. Aliinamia dawati.

"Tena?" alinong'ona Peixi, rafiki aliyekaa naye dawati moja. "Baba yako anajifunza kutuliza vichwa vya watu, halafu kichwa kibovu kuliko vyote mjini unacho wewe! Aibu gani hii?"

"Nyamaza bwana."

"Sinyamazi. Ama baba yako hajui kubonyeza, ama wewe hujui kusema."

Peixi alikuwa na mdomo mrefu, lakini safari hii aligusa penyewe.

Baba yake, Tan Guangfu, alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi alipandisha magunia na makabati kutoka gatini, mzigo ukining'inia kwenye mti begani, mpaka goti lake likagoma. Sasa alikuwa akijifunza kazi kwa Bibi Mou, mwenye duka la ukandaji karibu na soko. Jumamosi angepimwa. Akifaulu, angepata kazi palepale. Akishindwa, angepanda treni kwenda kusini, kwenye mji wa viwanda ambako mama yake Ruolan alikuwa akishona nguo, na Ruolan angehamia kwa mjomba. Baba alilisema jambo hilo mara moja tu, huku akimenya kitunguu saumu, kwa sauti ya mtu anayezungumzia mvua. Tangu siku hiyo Ruolan hakulala usingizi wa maana.

Kila jioni, wakishamaliza wali na kachumbari ya haradali, Ruolan alikaa kwenye kigoda na kuinamisha shingo. Baba alitafuta kwa vidole gumba yale mashimo mawili chini ya fuvu, moja kila upande wa shingo. Mahali hapo huitwa Bwawa la Upepo, na ndipo maumivu ya kichwa cha mawazo hufunguliwa.

"Chachu?" baba aliuliza.

"Chachu, baba."

Kwetu Fuling, sehemu ikibonyezwa ipasavyo, mtu hasemi inauma. Anasema ni chachu, kwa sababu hisia yake huenea polepole mwilini kama ndimu inavyoenea mdomoni. Sasa ukweli ni huu: shingo ya Ruolan haikupata kuwa chachu hata mara moja. Iliuma tu. Vidole vya baba vilizoea kamba na magunia, vilikandamiza kana kwamba shingo ile ingemtoroka. Lakini baba alifurahi mno kila aliposikia neno hilo. Ruolan aliogopa kwamba akimkosoa, atakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hakawii kufunga mizigo.

Ijumaa jioni kichwa kilimshika vibaya. Baba aliweka vidole mahali alipozoea.

"Chachu?"

Ruolan alifungua mdomo ajibu kama kawaida, na badala ya neno yakatoka machozi.

"Hapana, baba. Inauma tu. Siku zote imekuwa ikiuma tu."

Vidole vilisimama. "Siku zote?"

"Siku zote."

Baba alitoka, akaenda kusimama kwenye kibaraza. Ukungu ulikuwa umepanda mpaka kwenye nguo zilizoanikwa, na kwa muda Ruolan hakumwona vizuri; aliona kivuli tu, kana kwamba baba ameshaondoka na kilichobaki ni umbo lake. Alijuta kusema.

Kisha baba akarudi, akavuta kiti nyuma yake.

"Haya, mwalimu," alisema, na sauti yake ilikwaruza kidogo. "Mimi sina macho huko nyuma. Nielekeze."

"Juu kidogo. Hapana, umepita. Rudi... Baba, punguza nguvu, mimi si gunia!"

"Samahani, mama. Hapa?"

"Kando, kuelekea sikio. Hapo. Usisogee!"

Ndipo ikaja. Ilianza kisogoni, ikapanda nyuma ya masikio taratibu, ikafika mpaka kwenye mboni za macho na kumtoa machozi mengine ambayo hayakuwa ya huzuni. Mabega yalishuka yenyewe. Chumba kilikuwa mbali, sauti za jirani akikaanga pilipili zilikuwa mbali, naye alikuwa akizama kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chini.

"Imelainika," baba alinong'ona kwa mshangao. "Nyama ya shingo imelainika chini ya kidole! Kumbe ndivyo inavyokuwa."

Jumamosi, Ruolan alikaa kwenye benchi la duka akitafuna kucha. Bibi Mou, mwanamke mnene mwenye nywele fupi na sauti ya kuuzia samaki, alilala kifudifudi kwenye kitanda cha ukandaji.

"Kichwa kinaniuma," alisema. "Kazi kwako."

Baba alibonyeza.

"Chachu, chachu kabisa!" Bibi Mou alisema mara moja. "Hongera, endelea hapohapo."

Baba aliendelea kidogo, kisha akaacha. Jasho lilimtoka.

"Samahani, bibi. Nadhani si hapa. Wewe unasema chachu, lakini shingo yako bado ni ngumu. Hebu nisogee. Nikikuumiza, niambie."

Bibi Mou aliketi, akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Wanafunzi wangu wengi wameangukia hapo! Sikiliza, Tan. Wateja ni waungwana sana. Watasema chachu ili usione haya, watakushukuru, halafu hutawaona tena. Nani aliyekufundisha kutoamini maneno matamu?"

Baba alimwelekezea Ruolan kidevu. Ruolan alitamani benchi limmeze, akaeleza yote, hadi habari ya treni.

Bibi Mou hakucheka tena. Alimvuta karibu, akampapasa mabega.

"Binti yangu, hukutaka kumwumiza baba, nakuelewa. Lakini anayebonyeza hana macho isipokuwa ulimi wa anayebonyezwa. Ulipomdanganya kwa huruma, ulimfunga kitambaa usoni, ukajifunga na wewe kichwa. Kubonyeza hutuliza maumivu, lakini hakuondoi hofu uliyoificha. Hiyo huondoka kwa kusema. Na ukishasema, ukalala vizuri, na kichwa bado kinarudi, nendeni hospitali, msikae mnabonyezana." Akamgeukia baba. "Wewe, njoo kazini Jumatatu asubuhi. Na ukate kucha."

Baba na binti walipanda ngazi kurudi nyumbani, baba akilihurumia goti lake, na ukungu ukifunguka mbele yao ngazi chache kila walipopiga hatua. Walipofika nusu ya njia baba alisimama kupumua.

"Hebu niambie. Kama jana ningesema naondoka, ungenijibuje?"

Jibu la mtoto mwema lilikuwa tayari mdomoni: nenda, baba, nitakuwa sawa. Ruolan alilimeza.

"Ningesema usiende."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, akamshika mkono.

"Basi siku nyingine useme mapema, mwanangu. Usingoje kichwa kikusemee."