Mshale wa Mwisho

Jua lilikuwa linazama na mimi nilikuwa bado na rangi nusu kopo.

Kopo nimelifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira wa tyubu, brashi mfukoni, na bati lililokatwa umbo la mshale nimelining'iniza shingoni kama medali. Medali yangu ya kwanza tangu nitoke chuo. Kazi yenyewe ilikuwa kuchora mishale ya njano kwenye njia mpya ya baraza la mji, njia ya watu wa kutembea na kuendesha baiskeli. Inaanzia nyuma ya uwanja wa mpira, inapita mtaa wa magereji, inavuka reli, inashika mashamba mpaka kwenye kimji cha pili, inazunguka kinamasi, kisha inarudi pale pale uwanjani. Duara.

Bango lao lina picha ya mwanamke mwenye helmeti anacheka na mti. Chini wameandika kwa Kiingereza kwamba tuje tugundue uzuri wa kwetu. Watu wa njia ile wameshaugundua zamani, maana hawana nauli. Mama anayeuza mboga anapita pale kila alfajiri na tenga kichwani. Jana alikuwa maskini. Leo ni mdau wa sustainable mobility.

Nina digrii ya jiografia. Ukitaka kujua inafaa nini, muulize godoro langu. Nilikuwa nalala sebuleni kwa dada yangu, nyuma ya kochi, na kila asubuhi lazima niwe nimelikunja kabla shemeji hajatoka chumbani, asije akakumbushwa kwamba nipo. Shemeji ni ofisa mipango wa baraza. Kazi hii ndiye aliyenipa.

"Hii ndiyo experience unayoililia kila siku," aliniambia. "Ila uzunguke mara moja, upande mmoja. Usirudi nyuma kurekebisha. Na mshale wa mwisho uuchore pale pale ulipoanzia, ufunge duara."

"Kwani nisipofunga?"

"Shemeji, hata kuchora mshale unataka semina?"

Dada alikuwa anapiga deki. Hakuinua kichwa.

Asubuhi ile, kwenye nguzo ya kuanzia, shemeji alinionyesha simenti mbichi. "Vua kandambili ukanyage. Mguu wa kushoto. Tunaweka kumbukumbu ya kijana aliyeifungua njia." Nikakanyaga. Sitadanganya, nilijisikia mtu maarufu. Pembeni yake palikuwa na unyayo mwingine, mkavu, mchanga umeshajaa vidoleni.

Nilijua ni wa nani. Kabla yangu kazi hii alipewa Injinia. Hakuwa injinia, alikosa alama akapelekwa takwimu, lakini jina likamganda. Tulikaa chumba kimoja chuoni. Aliizunguka njia, akachora mishale yake, halafu hakuonekana tena. Shemeji alisema amepata kazi nje ya nchi. Sisi wote tuliobaki tukamwonea wivu wa kufa mtu. Hakumuaga hata mama yake, tukasema ndivyo watu wanavyobadilika wakishapanda ndege. Mvua zikaja, mishale yake ikafutika.

Ndiyo maana wakanihitaji mimi.

Basi, jua linazama. Mashamba nimeyamaliza, kimji cha pili nimekipita, watoto wamenizomea vizuri tu: "Chora na shule tuione!" Sasa nilikuwa kwenye kinamasi. Matete pande zote mbili, njia nyembamba, vyura wanapiga kelele.

Nikafika kwenye kalvati, kidaraja cha kupitishia maji chini ya njia. Nikashusha kopo.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Kisha harufu ikanifikia... rangi mbichi. Haikutoka kwenye kopo langu, kopo lilikuwa bado limefunikwa. Ilitoka mbele.

Kwenye ukuta wa kalvati palikuwa na mshale wa njano. Nikaugusa. Kidole kikatoka na rangi. Nikauangalia vizuri. Bati langu limepinda mkiani, kila mshale wangu unatoka na kovu dogo kama mkia wa panya. Na huu ulikuwa na kovu lile lile.

Bati lilikuwa shingoni mwangu.

Nikajiambia nimechoka. Nikapanda baiskeli. Mbele kidogo, kwenye jiwe, mshale mwingine. Mbichi, unachuruzika. Kwenye nguzo ya umeme, mwingine. Mtu alikuwa ananitangulia kunifanyia kazi yangu, na kusema kweli, kilichonipata kwanza hakikuwa hofu. Ilikuwa hasira. Hata kibarua cha kupaka rangi mawe nacho kina mtu wa pili?

Ndipo nikasikia.

Plap... plap... plap...

Tairi lenye pancha, linakokotwa taratibu kwenye udongo.

Alikuwa mbele yangu, amenipa mgongo. Ameinama kwenye shina la mti, mkono unapanda na kushuka. Fulana ya baraza kama yangu, imechakaa mpaka uti wa mgongo unahesabika. Baiskeli yake imemwegemea kiunoni kama mtoto aliyechoka.

"Wewe," nikaita, sauti ikatoka ndogo. "Hii kazi ina mwenyewe."

Mkono ukasimama.

"Umeshafunga?" akauliza. Hakugeuka.

Sauti hiyo nimeisikia miaka mitatu usiku kucha, ikilalamika kuhusu kunguni.

"Injinia?"

"Umeshafunga, kaka?"

"Bado. Wewe si uko nje?"

Akacheka. Kicheko kikavu, kama mtu anayekwangua sufuria.

"Niko nje, ndiyo. Nje kabisa." Akachovya brashi kwenye kopo. Kopo lilikuwa tupu, niliiona sakafu yake, lakini brashi ilitoka inadondosha njano. "Kila jioni nachora, kwa sababu mshale unaelekea nyumbani. Naufuata... naufuata... nafika uwanjani. Halafu unaelekea mbele. Kila siku unaelekea mbele."

"Twende tukatoke wote."

"Nafasi ni moja." Alisema polepole, kama mtu anayemsomea mwingine barua ya kukataliwa. "Anayefunga duara ndiye anayebaki. Wa zamani anatoka. Mimi nilipofunga, alitoka mzee mmoja, akanipita bila kunitazama. Na mimi sitakutazama, usinielewe vibaya. Kafunge, kaka. Mama yangu yuko peke yake."

Hapo nikaangalia chini. Vumbi lilikuwa laini pale. Tairi lake limeacha mstari. Mguu wake wa kulia umeacha nyayo, moja baada ya nyingine, safi.

Wa kushoto haukuacha kitu.

Huwa tunacheka kwamba ajira zimeisha mpaka mtu asubiri mwenzake afe ndiyo aingie. Tulikuwa tunasema hivyo kantini, mimi na yeye, tukigawana chai. Sasa alikuwa amesimama pale anasubiri niingie mimi ili yeye atoke, na nilijua kabisa kwamba ningekuwa yeye, ningesema maneno yale yale.

Niliiacha njia. Nikaikokota baiskeli katikati ya shamba la mahindi lililovunwa, mabua yananichana miguu, kopo linagonga keria. Nyuma yangu tairi likanifuata kwa pembeni, juu ya njia, bila kushuka shambani.

Plap... plap... plap...

"Kaka," alikuwa ananong'ona. "Usininyime, kaka."

Nilitokea barabara ya lami kupitia uani kwa watu. Sikupita uwanjani. Mshale wa mwisho sikuuchora.

Nyumbani taarifa ya habari ilikuwa haijaanza. Shemeji yuko kwenye kochi, miguu mezani. Aliponiona mlangoni hakusema karibu wala pole. Aliniangalia miguu. Wa kushoto kwanza.

"Umerudi," akasema.

"Nisirudi kwani nimehama?"

Dada akatoka jikoni, kitambaa mkononi. Kila siku, hata tukigombana, hunifunikia sahani yangu kwa sahani nyingine. Nikatazama meza. Walikuwa wameshakula. Meza imefutwa, hakuna kilichofunikwa. Nikatazama nyuma ya kochi. Godoro langu limekunjwa, limefungwa kamba mafundo mawili, limesimamishwa kwenye kona kama mgeni anayesubiri gari. Nguo zangu ziko juu yake kwenye mfuko wa plastiki.

"Nilidhani..." dada akaanza.

"Ulidhani nini, dada?"

Akakiminya kile kitambaa mpaka kikatoa maji. "Nilidhani leo utalala huko huko."

"Mshale wa mwisho?" shemeji akauliza.

"Rangi imeisha."

Kopo lilikuwa mkononi mwangu. Nilipoliweka chini, likacheza. Sote watatu tulisikia rangi inavyopiga ukingoni.

"Kesho wakubwa wanakuja kuzindua," shemeji akasema kwa upole. Hajawahi kusema nami kwa upole. "Utamalizia asubuhi. Njia isiyofungwa inaharibikia mikononi mwa aliyeianzisha, shemeji. Na aliyeianzisha kwenye makaratasi ni mimi."

Sikulala pale. Nilibeba godoro langu likiwa limefungwa vile vile nikaenda kwa rafiki yangu anayetengeneza simu, akanipa nafasi chini ya meza yake ya kazi. Kwa haraka niliyokuwa nayo nilitoka na viatu, nikaacha kandambili mlangoni, pamoja na kopo na bati.

Alfajiri, kabla watu hawajaamka, unyayo wangu wa kushoto ulishikwa na baridi. Baridi ya simenti. Ikapanda mpaka kwenye goti... ikasimama hapo... kama mtu aliyebisha hodi akaambiwa si hapa.

Uzinduzi ulifanyika. Utepe, hotuba, wakubwa kwenye baiskeli za kuazima. Mshale wa mwisho ulikuwapo, njano, una mkia wa panya. Shemeji hakuwapo. Mlinzi wa uwanja alimwona alfajiri na kopo langu, amevaa kandambili zisizomtosha, visigino viko nje. Nilivyoelewa mimi, alifikiri njia inasoma kandambili. Alifikiri atafunga yeye, nitaingia mimi. Ofisa mipango.

Siku ile ile Injinia alionekana dukani ananunua mkate. Mama yake alilia mtaa mzima ukasikia. Nilipokutana naye alinipita bila kunitazama, kama alivyoahidi. Vidole vyake vilikuwa na njano kwenye kucha. Sasa ana kazi. Msiniulize ofisi gani. Meza ya shemeji haikukaa wazi muda mrefu.

Mimi bado niko chini ya meza ya simu. Nimejifunza kutotembea kwenye vumbi mbele za watu, kwa sababu mguu wangu wa kulia unaacha unyayo, na wa kushoto unaacha kidogo tu. Kisigino. Siku nyingine hata hicho hakuna.

Mvua zimenyesha sana mwaka huu. Zimefuta mishale yote. Wanaopita kinamasini jioni wanasema kuna mtu mzima anakokota baiskeli yenye pancha, amevaa shati la ofisini, anawauliza kama wameshafunga.

Jana dada alinipigia simu. Tangu ile siku hatujaongea. Sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya zamani, ya kunibembeleza nilipokuwa mdogo.

"Mdogo wangu," akasema, "nimesikia baraza linatafuta tena kijana mwenye digrii na baiskeli yake. Nikakukumbuka wewe."

Nikautazama mguu wangu wa kushoto.

"Njoo nyumbani basi. Nimekununulia godoro jipya, nimeshalitandika. Na chakula chako nimekifunika."