Chombo cha Cheche Hakina Namba

Nyumba ya Cheche haikujua ukimya. Chumbani kulikuwa na mashine ya kuangua mayai, na vifaranga hawajui saa ya kulala. Huo ulikuwa mradi wa mkewe. Uani Cheche mwenyewe alichomelea vyuma kutwa nzima. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya cheche za moto zilizoruka hadi ukutani.

Asubuhi moja uani palikuwa na kitu kipya. Kilikuwa pikipiki ya magurudumu matatu, yenye sanduku la mizigo nyuma. Injini kuukuu aliinunua kwa fundi mwenzake. Vyuma vingine vyote aliviunga mwenyewe. Aliipaka rangi ya kijani, akawa anaizunguka kama bwana harusi.

Jirani yao, mkaguzi wa magari, alikuwa anapita kwenda kazini.

"Umeiandikisha?" aliuliza.

Cheche alicheka. "Niandikishe nini, jirani? Hii sikununua dukani. Nimeizaa mwenyewe."

"Hata mtoto uliyemzaa mwenyewe huandikishwa. Chombo chenye injini hakiingii barabarani bila usajili."

"Basi, nitakuja wiki ijayo."

"Sawa, lakini kisitoke hapa kabla ya hapo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Siku hiyo hiyo mkewe alikuwa na oda yake kubwa ya kwanza. Mfugaji wa upande wa pili wa mji alitaka masanduku sita ya vifaranga. Mama huyu alikuwa ameitafuta oda hiyo mwaka mzima, na mtaji wake wote ulikuwa ndani ya masanduku yale.

"Baba watoto, leo tukodi gari tu," alisema.

"Tukodi gari na chombo chetu kimesimama uani? Panda, mama."

Kwenye njia panda askari wa barabarani aliwasimamisha.

"Namba iko wapi?"

"Afande, hii nimeiunda mwenyewe."

"Hongera. Namba iko wapi?"

Cheche akageuka kumtazama mkewe.

"Chombo kinazuiliwa," alisema askari. "Wewe utakwenda mahakamani. Teremsheni mzigo, mtafute gari lingine."

Mkewe alianza kuteremsha masanduku. "Tutafute gari haraka. Vifaranga hawatastahimili jua hili."

"Ngoja kwanza. Dakika tano tu, nimweleweshe."

Cheche alieleza. Alibisha. Alibembeleza, kisha akabisha tena. Jua likapanda. Pale barabarani hapakuwa na kivuli ila cha nguzo ya umeme. Mkewe alivua mtandio wake akafunika masanduku. Mwanzoni vifaranga walipiga kelele. Baadaye kelele zikapungua. Alipochoka kungoja na kusimamisha gari mwenyewe, masanduku yalikuwa kimya. Alifungua moja. Walikuwa wamelundikana pembeni, wamekufa.

Mimi namhurumia Cheche, lakini hasira yangu ni kubwa kuliko huruma. Aliambiwa mapema, tena kwa upole.

Jioni mkaguzi alikuja kuwapa pole. Alimkuta mama ameketi kando ya mashine iliyozimwa.

"Nimekwisha, jirani," alisema Cheche. "Kuna rafiki yangu ana kibao cha namba cha pikipiki mbovu. Nikikifunga hicho..."

"Utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Kutosajili ni faini. Kufunga namba ya chombo kingine ni jela."

"Lakini sikuiba kitu!"

"Ungemgonga mtu je? Bila usajili huna bima. Nani angemtibu? Na chombo kikiibwa, utathibitishaje kuwa ni chako?"

Cheche aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Nenda mahakamani siku uliyopangiwa, usikimbie. Lipa faini, na ada ya kutunziwa chombo kituo cha polisi. Ada hiyo inaongezeka kila siku, kwa hiyo usichelewe. Ukirudia kosa, adhabu inapanda. Kisha tafuta risiti ya injini, na chombo kiletwe kwetu kwa gari, kikaguliwe. Kikifaa, kitapigwa namba kwenye fremu. Utakata bima, utapewa kadi ya usajili na kibao cha namba."

Ili kulipa, Cheche aliuza mashine yake ya kuchomelea. Uani nako kukawa kimya. Akawa kibarua kwa fundi aliyekuwa akimcheka zamani.

Kwenye ukaguzi wa kwanza chombo kilishindwa. Breki za nyuma hazikushika.

"Na sisi tulipanda hiki?" mkewe aliuliza taratibu.

Cheche alichukua spana. Alirekebisha breki, akarudi tena, chombo kikapita.

Miezi ilipita kabla mkewe hajathubutu kuwasha mashine yake. Yule mfugaji alikuwa amepata muuzaji mwingine. Mteja mpya aliyempata alitaka sanduku moja tu. Njia panda ilikuwa ile ile, na askari alikuwa yule yule. Alitazama kibao, kadi na bima.

"Endeni," alisema. "Msichelewe, vifaranga wataungua na jua."

Hawakusimama tena njiani. Mteja alifungua sanduku, akatabasamu, akaagiza mengine mawili kwa mwezi ujao.

"Wamefika wote wazima," Cheche alisema wakati wa kurudi. Alisubiri mkewe afurahi.

"Wamefika," alijibu mkewe, akitazama barabara. "Wale wa kwanza wangekuwa wanataga sasa."